Namba Chini ya Fremu

"Wa kulia, mume wangu. Wa kulia!"

Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni, tena kwa mkono wa kushoto. Mzee akakirudisha mezani, akaukalia mkono ule mkosaji, kisha akakinyanyua tena kwa wa kulia. Chai ikayumba, ikamwagikia kidevuni, na tone moja likaingia kwenye kola ya shati lililopigwa pasi kwa ajili ya mgeni.

"Mtu wa miaka themanini," akasema, "nafundishwa kunywa chai."

"Fundishwa tu. Mgeni akishaondoka utakunywa hata kwa mguu."

Watu walimwita Mashoto tangu ujanani kwa sababu ya mkono huohuo, na hakuna aliyekumbuka kumwita vinginevyo. Shuleni mwalimu aliwahi kuufunga kwa kamba ili uache kuandika. Haukuacha. Sasa aliyekuja kuufunga ni mwenye nyumba, na yeye wala hakuhitaji kamba. Alikuwa na neno moja tu: hameni.

Mwenye nyumba huyu ni mtoto wa marehemu Bosi Mkubwa, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza baiskeli kwa mkono, fremu mojamoja, paipu za chuma zikiunganishwa kwa moto na shaba. Mtoto ana miaka sitini na ushee, tumbo linamtangulia mlangoni, lakini mtaa mzima unamwita Bosi Mdogo na atazikwa nalo jina hilo. Karakana ilifungwa zamani. Nyuma yake kuna safu ya vyumba sita walimokuwa wakiishi mafundi, na fundi aliyebaki humo ni Mashoto peke yake, yeye na mkewe, chumba cha mwisho kando ya bomba la maji. Vyumba vilikuwa vinageuzwa stoo. Wapangaji wengine walikuwa wameshafungua vitanda na kuondoka.

Chumba chenyewe si cha kukisifia kwa mtu. Bati linavuja pembeni, na ukutani kuna ufa ambao mjusi amejigawia kuwa wake. Lakini kutoka kitandani hadi chooni ni hatua kumi na moja, na mama huyu mwenye nyonga mbovu alikuwa amezihesabu. Kumi na moja aliziweza peke yake, akishika ukuta. Mtoto wa kaka yake alikuwa tayari kuwachukua, Mungu ambariki, ila yeye anakaa ghorofa ya tatu na choo kiko chini uani. "Tutakuwekea ndoo, shangazi, usijali," alisema kijana yule kwa moyo mweupe kabisa. Tangu siku ile shangazi mtu hakuwa na raha.

Ndipo Bosi Mdogo akaja na neno lake. Jumba moja la makumbusho lilitaka fremu nane za miaka ya mwisho ya marehemu baba yake, zile zenye viungio vyembamba vilivyokuwa vikisifiwa na watu wa mbali. Saba zilikuwa zimepatikana. Ya nane ilikuwa ni baiskeli ya Mashoto mwenyewe, iliyoning'inia kwenye misumari miwili nje ya mlango wake, imepakwa rangi za milango na madirisha mara nyingi hadi haijulikani ilizaliwa na rangi gani. Nane zote, au hawachukui hata moja. Mtaalamu angekuja kuitambua na kujua umri wake. Mashoto aitoe baiskeli, kisha atie sahihi kama shahidi kwamba alimwona Bosi Mkubwa akizitengeneza fremu zile kwa mikono yake. Akifanya hivyo, chumba ni chao bila kodi mpaka siku wote wawili watakapozikwa, kwa maandishi.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba Bosi Mkubwa hakuzitengeneza. Miaka ile ya mwisho alikuwa mtu wa chupa, mikono ikimtetemeka hata kufunga kifungo hawezi. Zote nane zilitoka kwenye mkono wa kushoto wa Mashoto, naye Bosi kazi yake ilikuwa kubandika nembo. Mkewe alilijua hilo, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula cha mchana. Bosi Mdogo alilijua pia. Alikuwa kitoto cha kushikia watu taa. Wengine wote waliojua walishakufa.

"Kwa hiyo mkono wa kulia," mama akarudia. "Na ukiulizwa, jibu fupi."

"Nimekusikia."

"Haya. Tena."

Akanyanyua tena kikombe.

*

Mtaalamu alifika na jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine juu ya kipaji, na kila baada ya dakika mbili zilibadilishana zamu. Mtu mpole. Alimwamkia mama kwa heshima, akakataa kiti akapiga magoti chini kwenye vumbi mbele ya baiskeli, pamoja na suruali yake nzuri. Bosi Mdogo alibaki amesimama, akijipepea kwa daftari la zamani la karakana.

"Huyu mzee alikuwa wapi karakanani?" Mtaalamu akauliza.

"Huyu? Alikuwa akifagia," Bosi Mdogo akajibu upesi. "Anafagia, anachemsha chai. Lakini macho yalikuwepo, ameona mengi. Siyo, mzee?"

Mashoto akatikisa kichwa kukubali. Mkewe, aliyekaa mlangoni juu ya kigoda, nusura ajibu. Kufagia! Mtu ambaye wateja walikuwa wakimngoja arudi msibani ndipo walete kazi zao. Lakini alizikumbuka hatua kumi na moja, akanyamaza.

Mtaalamu alipitisha kidole pale paipu zinapokutana. Alikwaruza rangi kidogo kwa ukucha: kijani, chini yake bluu, chini yake kahawia, kisha chuma. Akamulika kwa tochi, akachungulia, akabadilisha miwani, akachungulia tena. Akaanza kusema peke yake. Shaba imeingia mpaka ndani, haikubakia nje hata punje. Kiungio kimelainishwa kwa tupa mpaka ukingo umekuwa mwembamba kama karatasi, na bado ncha zake zimechongoka. Ni mkono uleule wa zile saba, akasema, angeutambua hata gizani.

"Ila kuna kitu kinanisumbua tangu fremu ya kwanza," akaendelea. "Alama za tupa zimelalia upande mmoja zote. Mtu wa mkono wa kulia hawezi kuziacha hivi. Marehemu alikuwa anatumia mkono gani?"

Bosi Mdogo akaacha kujipepea.

"Yote miwili," akasema. "Baba alikuwa mtu wa ajabu sana."

"Kweli, mzee?"

Mashoto alikuwa na kikombe mkononi, ule wa kulia. Akakirudisha kwenye kisahani.

"Yote miwili," akasema.

"Ajabu! Watu husema fundi akizeeka mkono hupotea. Huyu kadiri alivyokaribia kufa ndivyo mkono ulivyozidi kuwa mzuri."

Mama alimtazama mumewe. Mzee alikuwa ameinamia chai yake, na kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na kitu kama tabasamu, kitu kidogo cha aibu. Miaka yote ile alikuwa akingoja mtu anayejua kazi aisifu kazi yake, na siku hiyo ilipofika akasifiwa maiti. Mama alitamani kusimama aseme. Nyonga nayo ikamwambia kaa.

Kabla ya kuondoka Mtaalamu alisema imebaki namba. Kila fremu ya karakana ile iligongwa namba chini kabisa, pale pedeli zinapozungukia, na tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazotaja mwaka, mbili za mwisho ni fremu ya ngapi, kama ilivyo daftarini. Rangi ya hapo isikwaruzwe, akaonya, itolewe taratibu kwa dawa. Yeye angerudi Alhamisi kuisoma.

*

Jumanne Bosi Mdogo alikuja mwenyewe na chupa ya dawa ya kutoa rangi. Hakutaka kungoja Alhamisi. Roho yake ilikuwa juu. Walipindua baiskeli, wakapaka dawa, wakangoja rangi ivimbe na kujikunja, wakaifuta kwa kitambaa. Namba ikajitokeza. Kwa kuwa macho yake hayakuiona vizuri, Bosi Mdogo alitandika kipande cha karatasi juu yake akasugua penseli, tarakimu zikabaki nyeupe katikati ya weusi.

Mama alikuwa ndani, akichambua maharage mezani. Alisikia tusi, kisha mlango ukasukumwa.

"Sabini na tatu!" Bosi Mdogo alikuwa akitikisa ile karatasi. "Sabini na tatu, sitini na nane! Fremu ya sitini na nane ya mwaka sabini na tatu! Baba alikufa sabini na moja, mzee. Maiti ilitoka kaburini kuja kuchoma fremu?"

Mashoto alisimama nyuma yake, akifuta vidole kwa kitambaa.

"Nani aligonga namba hii?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki! Karakana ilikuwa imefungwa mwaka huo! Uliitengenezea wapi, chini ya kitanda?"

"Nimesema sikumbuki, Bosi."

Bosi Mdogo aliifinyanga karatasi akaitupa sakafuni. Akakaa kitandani bila kukaribishwa, akafungua daftari lake. Akapekua, akalamba kidole, akapekua tena. Baadaye uso wake ukatulia. Mwaka wa sabini kulikuwa na fremu ya kumi na mbili ambayo aliyeichukua hakuandikwa. Haijulikani iliko, wala mwenyewe hajulikani.

"Hii ndiyo yake," akasema. "Unaijaza ile namba kwa shaba, unaisawazisha kwa tupa, unagonga sabini, kumi na mbili. Vyuma vya kugongea namba viko karakanani, mtungi wa gesi ninao. Hakuna mwingine anayeweza kuifanya isionekane. Ni wewe tu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Bosi Mdogo kukiri kwamba mfagizi yule anajua kitu.

"Sitafanya," akasema Mashoto.

Mama aliacha kuchambua. Hata mjusi ukutani ni kama alisikia.

"Vizuri. Basi Ijumaa mtoe vitu vyenu." Bosi Mdogo akainuka, akamgeukia mama, sauti ikalainika ghafla. "Mama yangu, mimi nimefanya la kwangu. Zungumza na mzee."

Alipotoka, mama alizungumza. Alianza kwa upole. Alisema wameshakubali makubwa: wameukana mkono, wameukana ufundi, wamekubali ufagio. Baada ya yote hayo ndipo wakwame kwenye namba?

"Siyo namba," akasema mzee.

"Ni nini basi?"

Mzee akaanza kukikunja kitambaa.

"Niambie ni nini!"

"Hakuna kitu."

Hapo mama alipandisha. Alimwambia amechoka na kiburi chake cha kimyakimya. Alimwambia ghorofa ya tatu haipandi yeye mwenye miguu mizima, anaipanda mwanamke asiyeweza kunyanyua goti. Alimwambia kwamba yeye, mke wa mtu, aliyejistahi maisha yake yote, atachutama juu ya ndoo nyuma ya pazia huku watoto wa mtoto wa kaka yake wakisikia. Akasema hayo huku analia, na kwa kuwa alichukia kulia mbele yake, akazidi kukasirika.

"Kwa ajili ya namba! Namba tu, mume wangu! Chuma tu kimegongwa chuma! Ifute tulale!"

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Mama aliyaona macho yale na asiyaelewe, na baadaye angeyakumbuka vizuri kuliko chochote.

"Haya," akasema. "Nitaifuta."

Meza ilikuwa inayumba. Mama aliokota ile karatasi iliyofinyangwa sakafuni, akaikunja mara nne bila kuitazama, akaitia chini ya mguu mfupi wa meza, akarudi kwenye maharage yake.

*

Alifanya kazi ile Jumatano asubuhi, ndani ya karakana tupu, mlango wazi. Mkewe alimsikia kutoka kitandani. Kwanza mlio wa gesi. Kisha kimya kirefu ambacho hakikuwa cha kazi, maana miaka yote aliyomsikia mumewe akichoma chuma alijua ukimya wa shaba kupoa ni wa kiasi gani, na huu ulipitiliza. Halafu tupa. Ilikwenda taratibu, mkono wa kushoto, ule mwendo wake wa siku zote, ndefu, fupi, ndefu, fupi, na mara ikasimama. Ikaanza tena. Mwisho nyundo, mara nne.

Alirudi karibu na saa sita, mikono inanuka shaba. Chakula hakukitaka. Aliomba maji, akayanywa, akaomba mengine.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Si umeona sasa?" mama akasema, ametulia, karibu ana furaha. "Ulikuwa unajitesa bure."

Mzee akajilaza, akaelekea ukutani.

*

Alhamisi Mtaalamu aliisoma namba, akafungua daftari, akafuata mstari kwa kidole. Sabini, kumi na mbili. Mwaka wa sabini. Akatabasamu hadi miwani ya kipajini ikashuka yenyewe. Kila kitu kimekaa sawa, akasema: viungio, tupa, mwaka. Ya nane imepatikana.

Karatasi ya ushahidi ilisomwa kwa sauti. Mimi, mfagizi wa zamani wa karakana tajwa, nathibitisha kwamba nilimwona marehemu kwa macho yangu. Mashoto alipewa kalamu, akaishika kwa mkono wa kulia, akaandika jina lake kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi moja mlimani na nyingine bondeni. Bosi Mdogo akacheka. "Wazee wetu hawa, shule ilikuwa mbali!" Kisha akatoa karatasi ya chumba, nayo, tusimwonee, ilikuwa imeandikwa sawasawa na alivyoahidi.

Mtaalamu alikuwa wa mwisho kutoka. Aligeuka mlangoni.

"Mzee, wewe uliyekuwa unamwona. Alikuwa mtu wa namna gani akiwa kazini?"

Mashoto akafikiri.

"Alikuwa anafurahi," akasema.

Baiskeli ikapandishwa kwenye pikapu, imeviringishwa blanketi. Pale mlangoni ikabaki misumari miwili, na kati yake ukuta msafi wenye umbo la fremu, maana kwingine kote moshi na vumbi la miaka lilikuwa limeshika.

Mama alianza kufuta meza. Vikombe vilikuwa vinne, chai ilikuwa imemwagika. Aliisukuma meza ili afute chini, mguu mfupi ukatoka mahali pake, karatasi ikabaki sakafuni. Akainama kwa shida, akaiokota aitupe. Ilijifungua yenyewe mkononi mwake.

Weusi wa penseli, na ndani yake tarakimu nyeupe nne. Bosi Mdogo aliyezoea daftari alizisoma mbili mbili. Lakini aliyezigonga alikuwa ameacha nafasi, ndogo lakini ya makusudi, baada ya saba na baada ya tatu.

7 3 68.

Mama alikaa.

Tarehe saba, mwezi wa tatu, mwaka wa sitini na nane, saa za alasiri, katika chumba hikihiki. Mtoto wa kike. Waliishi naye miezi minane. Katika miezi ile minane watu walimwita mama mtu kwa jina la mtoto, mama fulani, kama wanavyoitwa wanawake wote, na alipokwenda kuteka maji alikuwa akichelewa kugeuka ili waite mara ya pili. Kisha homa ikamchukua kwa siku mbili. Hawakumwandikisha popote, hawakupiga picha, nani alikuwa na picha siku hizo? Hata kaburi lake liko chini ya barabara iliyopanuliwa. Hawakupata mwingine. Majirani walirudi kumwita mke wa Mashoto.

Baba mtu hakuwahi kusema lolote. Kumbe alikuwa amesema, kwa nyundo, akaning'iniza mlangoni miaka yote hiyo.

"Hii ni nini?" mama akauliza, ingawa alijua.

Mzee aligeuza kichwa, akaiona karatasi. Hakushtuka.

"Bosi Mkubwa alinipa paipu zilizobaki," akasema. "Wiki ileile aliyozaliwa. Namba ya daftari sikupewa. Nikagonga ile."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wakati gani?"

"Jumanne! Nilipokuwa napiga kelele hapa! Nilikuuliza ni nini, ukaniambia hakuna kitu!"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa! Ndiyo, ningekataa!"

"Basi. Halafu ukapelekwa kwenye ndoo, na mimi nikae nakutazama." Aliongea bila hasira, kama anayeeleza kazi. "Yeye hana shida ya choo. Wewe unayo."

"Mimi ndiye niliyesema namba tu," mama akasema. "Nilisema chuma tu. Mdomo wangu huu."

"Hukujua."

"Na wewe ukaenda ukaifuta. Kwa mkono wako."

"Hakukuwa na mkono mwingine wa kuifanya vizuri."

Chai yake ilikuwa bado kikombeni, imepoa. Akanyoosha mkono kuichukua, na mkono ulioenda ulikuwa wa kulia. Siku nne tu na ulikuwa umeshazoea. Mama alimwona, na moyo ukamkatika upya. Akamwita baba wa mtoto yule, kwa jina la mtoto, jina ambalo halikuwahi kutamkwa chumbani humo kwa zaidi ya miaka hamsini.

"Wageni wameondoka," akamwambia. "Shika kwa mkono wako."

Mzee aliutazama mkono wa kushoto uliokuwa pajani, vidole vimekunjwa, bado una harufu ya shaba.

"Acha," akasema. "Huo umechoka."

Akanywa kwa wa kulia, na hakumwaga hata tone.

Mama aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani ndani ya nguo. Penseli ilikuwa imeshaanza kumchafua vidole, alijua haitadumu. Akainuka, akashika ukuta. Mumewe alitaka kumsaidia, akamkataza. Akaenda peke yake, hatua kumi na moja, akiegemea ukuta wa chumba ambacho sasa ni chao mpaka kufa, akaingia chooni, akafunga mlango, akalia humo.